Kiti Kilichokataa Kuvunjika

Machi 3, Jumatatu

Nimepata kazi. Safari hii si kuchimba mtaro wala kubeba zege. Nabeba vyombo vya watu wanaopiga filamu. Wamekodi chuo kilichofungwa miaka mingi: mabweni mawili, bwalo, na ukumbi unaovuja. Sisi vibarua tunalala bweni la nyuma, watu kumi na wawili chumba kimoja. Kazi itakwisha mvua zikiisha, ndivyo walivyosema. Mvua zenyewe hazijaanza.

Machi 5

Leo nimesimuliwa hiyo filamu. Ni wanafunzi wanne, marafiki. Kesho yake wana mtihani wa mwisho. Badala ya kusoma wanatoka kwenda kulewa. Mmoja anapoteza suruali. Mwingine anaingia bweni la wasichana kupitia dirishani, anamkuta mwalimu wake uvunguni mwa kitanda cha matroni. Wa tatu anaamka amekumbatia mbuzi aliyevishwa sidiria. Wa nne sijamwelewa, nadhani kazi yake ni kutapika. Na katikati ya hayo yote watu wanapigwa. Wanapigwa na walinzi, wanapigwa na wasichana, wanapigana wao kwa wao. Mimi niliacha shule darasa la sita. Kama chuo ndicho hiki, sikukosa kitu.

Hadithi nzima ni usiku mmoja, ila usiku huo tunautengeneza mchana. Kila asubuhi napanda kwenye madirisha kugongomea vitambaa vyeusi. Kwa sababu ni mrefu na sihitaji kupanda juu sana wamenipa jina, Ngazi.

Machi 9

Mvua imeanza.

Machi 11

Kuna mtu hapa anaitwa Mpira. Umri wake unakaribia hamsini. Kazi yake ni kuanguka. Nyota, yule kijana mzuri ambaye sura yake ndiyo itakayobandikwa kwenye matangazo, akitakiwa kusukumwa ngazini wanamtoa na kumwingiza Mpira aliyevaa shati kama lake. Mwingine akitakiwa kupigwa, ni Mpira tena, kavaa wigi. Leo ameanguka ngazi za bwalo mara tisa. Mara ya tano goti lilitoa mlio nikausikia nikiwa mlangoni.

"Bado haichekeshi," akasema Mwongozaji. "Anguka kama mlevi, mzee, si kama gunia."

Mara ya tisa wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimdharau, sitaficha. Mtu mzima mwenye wake na watoto anajibingirisha ili wengine waonyeshe meno.

Baadaye aliniita. "Ngazi, mbona unanitazama kama maiti? Njoo univute kiatu, mguu umejaa."

Nikamvuta kiatu. Soksi ilikuwa na damu. Akacheka peke yake.

Machi 14

Nimehamishiwa kwa Fundi. Huyu ni seremala, mzee mkavu mwenye vidole vitatu na nusu mkono wa kushoto. Ndiye anayetengeneza vitu vya kuvunjiwa watu. Nilidhani viti vya filamu ni vya karatasi. Kumbe ni viti vya kweli vya bwalo hili hili. Anakata miguu na mgongo kwa msumeno mwembamba mpaka inabaki inashikana kwa unene wa njiti, halafu anaziba mikato kwa nta na unga wa mbao, anapaka rangi. Ukikitazama ni kiti. Ukimpiga nacho mtu kinasambaratika kama mkate mkavu.

Vya kuvunjika vinakaa juu ya rafu. Vya kukalia vinakaa chini. Kabla kiti hakijatoka kwenda kupigwa picha, Fundi anakigeuza na kukibonyeza kwa kidole gumba kwenye kila mkato. Nta ikibonyea, kinaenda.

Vya kukalia vikilegea tunavitengeneza, na hilo ndilo ananifundisha. Gundi, kisha skrubu, kisha rangi. "Kichwa kizame sawa na mbao, mdogo wangu. Skrubu inayochungulia ni kama fundi anayejisifu."

Tangu nitoke nyumbani hakuna mtu aliyeniita mdogo wangu.

Machi 19

Leo Fundi na Mpira wamepigana. Meza aliyorushiwa Mpira ilichelewa kuvunjika, ikamchana mgongo. Akaja stoo bila shati, damu imechanganyika na mvua.

"Wewe mzee, unatengeneza meza au jeneza?"

"Meza ni nzima. Wewe ndiye umeanguka kizee."

"Nani mzee? Rudia."

"Umezeeka. Kaa nyumbani ulee wajukuu, uanguke kutoka kitandani."

Mpira akamkamata ndevu, akamtoa nje akimvuta kama mbuzi, akamzamisha uso kwenye dimbwi. Alimshikilia hapo. Nilihesabu mpaka kumi na nne. Fundi alipoibuka alikuwa ameokota kipande cha ubao, akampiga nacho kwenye mbavu, tena, tena, kila pigo na neno lake. "Nitakuua. Kabla. Mvua. Haijaisha." Tulihitajika watu watano kuwatenganisha.

Chakula cha jioni niliwakuta wanakula sahani moja. Mpira anammegea Fundi nyama kwa sababu mkono ule wa vidole vitatu na nusu ulikuwa umevimba. Watu wa kazi hii siwaelewi.

Machi 20

Mvua.

Machi 22

Mvua. Mbuzi wa filamu amekufa. Wanatafuta mwingine anayefanana.

Machi 24

Vibarua wawili wamegombea kitanda kisichovuja. Mmoja amepoteza jino. Tumelitafuta kwa tochi, sijui tulitaka kulifanyia nini.

Machi 27

Nyota alitakiwa kumpiga Mpira kichwani chupa za sukari iliyogandishwa kama kioo, chupa sita mfululizo. Kuzitengeneza kunachukua siku mbili, na zilikuwa sita tu. Ya tatu ilipopasuka Mpira akatoa ukelele mkubwa, Nyota akaogopa akasimama. "Kaka, umeumia?" Picha ikaharibika.

Mwongozaji alivua kiatu akamtupia Nyota, kikampata mdomoni. Mbele ya watu wote. "Anaigiza, mpumbavu wewe! Kulia ndiyo kazi yake! Siku nyingine ukianza kupiga, piga mpaka kitu kivunjike. Ukisimama kabla sijasema basi, unarudi kwa mama yako."

Mpira naye akamfokea kijana. "Ukinionea huruma ndipo unaponiumiza. Nimejipanga nipigwe, wewe unasitasita, mwili wangu haujui uende wapi. Nipige, bwana!"

Nyota alifuta damu mdomoni, akasema amesikia.

Machi 31

Fundi ana homa. Amelala anatetemeka, meno yanagongana. Alfajiri paa la stoo lilifumuka upande wa rafu, maji yakamwagika kama yanamwagwa kwa ndoo. Nilikuwa peke yangu. Nikashusha vyote, vya juu na vya chini, nikavihamishia kwenye darasa kavu, vitano vitano. Nikavifuta kwa kitambaa. Mchana nikavirudisha kila kimoja mahali pake. Vya kuvunjika ninavijua kwa rangi, ni mpya zaidi.

Kimoja kati ya vya kukalia nilikuta kimelegea vibaya kwenye mgongo. Mtu angekikalia angevunja kiuno. Nikakitia gundi, skrubu nne mgongoni na mbili kila mguu wa nyuma, nikazamisha vichwa, nikapaka rangi. Kazi safi. Nilitamani Fundi akione.

Aprili 2

Leo ilikuwa vurugu za bwaloni. Katika hadithi, marafiki wale wanne wanakimbizwa na mlinzi, Nyota anashika kiti anamvunjia mgongoni. Mlinzi ni Mpira. Fundi aliamka asubuhi hii hii, macho mekundu, anashika ukuta akitembea. Mwongozaji alikuwa anapiga kelele tangu saa moja kwamba mto unapanda na daraja litakwenda. Fundi akaingia stoo, akaangalia rafu, akachukua kiti chenye rangi mpya, akakipeleka. Nilimwona akikiweka kwenye alama ya chaki. Hakukigeuza.

Pigo la kwanza lilimpata Mpira begani. Kiti hakikuvunjika. Kilitoa mlio mzito, mlio ambao sijawahi kuusikia katika siku zote hizi. Mpira akapiga goti akalia, "Basi!"

Nyota akamtazama Mwongozaji. Mwongozaji alikuwa anazungusha mkono: endelea, endelea.

Nyota akapiga tena. Safari hii ni shingo na sikio. Wasichana waliopangwa mezani walikuwa wanacheka kama walivyoagizwa. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Leo Mpira analia vizuri." Mpira alitambaa kuelekea mlangoni, kuelekea kwangu, mkono mmoja unaburuzika kama si wake, na mdomo unasema jambo lisilotoka. Nyota akamfuata. Alikuwa analia naye, machozi yanamtiririka, lakini alipiga la tatu kwa nguvu zake zote. Hapo mguu mmoja wa mbele wa kiti ukakatika.

"Basi!" akasema Mwongozaji. "Safi sana!"

Watu wakapiga makofi. Damu ikatoka kwenye sikio la Mpira ikafika kwenye kiatu changu.

Tulimbeba juu ya ubao wa mlango, tukampakia kwenye pikapu. Gari lilivuka daraja. Saa moja baadaye mto ukalichukua daraja.

Hapo ndipo walipogeuza kiti. Vijana watatu ambao Mpira anawafundisha kuanguka walikichunguza mbele ya watu. Mmoja akakwangua rangi kwa kisu. Chuma kikang'aa.

"Kimekatwa kama vingine. Halafu kikafungwa upya. Angalieni. Skrubu nane."

Nilijua wakati ule ule. Siku ya maji nilivichanganya. Nilichukua kiti kilichokatwa, maji yameosha rangi yake, nikadhani ni cha kukalia kilicholegea, nikakikaza, kisha kwa rangi yangu mwenyewe mpya nikakipandisha kwenye rafu pamoja na ndugu zake.

"Nani anafunga skrubu hapa?"

Wote wakamgeukia Fundi. Watu kumi na wawili walimsikia siku ile ya matope akisema atamuua kabla mvua haijaisha. Mimi ni mmoja wao.

Wale vijana watatu walianza kwa makofi. Kisha wakaokota mbao, mbao zake mwenyewe alizozipanga kwa urefu. Fundi hakukimbia. Alikunja mikono juu ya kichwa akasema, "Ngojeni. Ngojeni kwanza niangalie." Walimpiga kwenye vidole ili aondoe mikono. Alipoiondoa walimpiga kichwani. Alianguka vibaya, kama watu wanavyoanguka kweli, uso kwanza, bila mikono. Kijana mmoja akaruka akatua kwenye mguu wake. Nilisikia.

Mimi nilisimama kando ya mlango nimeshika kitambaa cheusi. Ningesema neno moja. Sikuwa na sababu ya kuheshimika, sitatafuta ya kujipamba hapa. Niliogopa kipigo. Nilikuwa naziona zile mbao.

Wamemfungia stoo mpaka barabara ifunguke polisi waje.

Aprili 3

Sikula.

Aprili 4

Mvua. Mwongozaji anaendelea kupiga picha. Ameshughulikia sehemu ya mbuzi mpya. Watu wanacheka.

Nyota amejifungia chumbani. Nilipompelekea maji nilimkuta anapiga ukuta kwa ngumi, polepole, ngozi ya vidole imekwisha. "Alisema basi," akaniambia. "Alisema basi, nikadhani anaigiza. Wewe ulikuwa mlangoni, ulisikia?"

Nikamwambia nilisikia.

Nilikuwa namwona kama pambo la watu matajiri. Sasa namwonea wivu. Yeye kila mtu alimwona akipiga.

Aprili 5

Nimempelekea Fundi uji. Mlinzi wa mlangoni ananiruhusu, mimi ndiye msaidizi wa Fundi. Jicho moja limeziba. Mguu umefungwa kwa vipande vya rafu, ameufunga mwenyewe. Alikunywa taratibu, uji unamwagika kwa sababu mdomo hauzibi. Kile kiti wamekiacha humo humo, pembeni yake.

"Nimekiangalia," akasema.

Nikapangusa uji uliomwagika kifuani pake.

"Vichwa vimezama sawasawa. Gundi haikumwagika hata tone. Ni kazi safi, mdogo wangu. Ndani ya mvua hizi hakuna mtu mwingine anayeweza kufunga hivyo, ila mimi. Na mtu niliyemfundisha."

"Fundi..."

"Subiri. Mimi nilipaswa kukibonyeza kwa kidole gumba. Sikukibonyeza. Kichwa kilikuwa kinaniuma, yule bwana anapiga kelele, nikasema leo tu. Hilo ni langu, nitalibeba mpaka kaburini. Hilo lingine si langu."

"Utawaambia?"

Alinirudishia bakuli. "Nikiwaambia mimi, watasema mzee anamtupia kijana mzigo. Ila sikulazimishi. Una mdomo, mimi wangu umepasuka."

Nimeandika maneno yake yote ili nisije nikayapunguza.

Aprili 6

Mvua imekatika usiku. Jua kali. Kila mtu anaanika godoro na kufurahi. Wanasema mto ukiendelea kushuka hivi, kesho gari la polisi litapita kwenye kivuko cha juu.

Nilikwenda mlango wa stoo mara tatu nikarudi.

Aprili 7

Saa ya chakula cha mchana watu walikuwa wamepanga foleni bwaloni. Nilipanda juu ya benchi. Kwa urefu wangu kichwa kilikaribia dari, wengine wakaanza kucheka wakidhani ni mzaha.

"Kile kiti nilikifunga mimi," nikasema.

"Ngazi, shuka, chakula kinapoa."

"Nilikifunga mimi siku stoo ilipovuja. Nilidhani ni cha kukalia. Fundi alikuwa kitandani na homa. Muulizeni mpishi aliyempelekea dawa. Kisha nikakiweka juu ya rafu kwa sababu kilikuwa na rangi mpya. Rangi ilikuwa yangu."

Mpishi akasema kwa sauti ndogo, "Kweli, mzee alikuwa kitandani tarehe thelathini na moja. Hakuweza hata kushika kikombe."

"Na siku zote hizi?" Aliyeuliza ni mkubwa wa wale vijana watatu. "Tulipokuwa tunampiga, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Unaangalia?"

"Naangalia."

Alinivuta mguu. Kisogo kiligonga benchi. Sikumbuki vizuri mpangilio. Nakumbuka ladha ya udongo wa sakafuni, na sahani ya bati inashuka mara nyingi kwenye sikio langu, na mtu analia huku ananipiga, nadhani ni yule aliyeruka juu ya mguu wa Fundi. Alikuwa ananipiga kwa kile alichokifanya yeye. Mbavu ya kulia imevunjika, labda mbili. Nikihema nasikia kitu kinasugua kitu.

Aliyewasimamisha ni Nyota. Alijilaza juu yangu, mzima mzima, mpaka wakaacha.

Polisi walifika saa kumi. Walitusikiliza mmoja mmoja. Waliandika kwamba ni ajali ya kazi, na kwamba waliompiga Fundi watakwenda kituoni wote watatu. Mimi nikaulizwa kama nataka kuwashtaki walionipiga. Nikasema hapana.

Fundi walimtoa kwa machela. Walipompitisha karibu yangu nilisema, "Nisamehe, kaka." Alitazama juu, kwenye jua. Sijui kama alisikia. Nadhani alisikia.

Aprili 8

Mwongozaji ameniita. Anataka kujua ni lini nitaondoka. Kwenye mashine yake alikuwa anaangalia lile pigo la tatu, analirudisha nyuma, analirudia. Picha haikuwa na sauti. Msaidizi wake akauliza, "Tulitoe?" Akajibu, "Afadhali nikutoe wewe. Ndiyo picha bora kuliko zote."

Nilichukua ile mashine nikaipiga sakafuni. Nikaikanyaga. Mbavu zilinifanya nione giza lakini niliendelea kukanyaga. Mwongozaji alinipiga ngumi mbili za shingo, sikuzijali. Baadaye msaidizi aliniambia nje, kwa upole, kwamba picha zimehifadhiwa mahali pengine pia.

Aprili 10

Nimefika hospitali kwa miguu, tangu asubuhi mpaka alasiri. Wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho. Mpira amefungwa bega na shingo, sikio la kushoto halisikii tena na daktari amesema halitasikia. Mkono wa kulia hautainuka kupita kifua. Muuguzi amemwambia kazi ya kuanguka imekwisha. Nilikaa upande wa sikio zima.

"Ngazi," akasema. "Uso wako nani kaupanga hivyo?"

Nikamweleza yote. Maji, rafu, skrubu, rangi. Nikamweleza Fundi alivyopigwa na mimi nilivyosimama siku tano. Sikuruka kitu. Aliposikia habari ya mguu wa Fundi alifumba macho.

"Mzee yuko wapi?"

"Wodi ya pili kutoka hapa."

"Anatembea?"

"Bado."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alizima redio yake ili asikie vizuri.

"Nisaidie kukaa," akasema Mpira.

Nikamshika mgongo nikamkalisha. Alinukia dawa na jasho. Akakunja ngumi ya kushoto, akairusha usoni pangu. Ilikuja kwa kasi mpaka nikahisi upepo wake, ikasimama karibu na shavu, haikunigusa. Akaitazama ngumi yake kama ni ya mtu mwingine. Akarudia. Ikasimama pale pale. Mara ya tatu aliguna kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka, na ngumi ikasimama tena, nafasi ya kidole kimoja, inatetemeka.

"Haiendi," akasema. Machozi yalianza kumtoka. "Miaka ishirini na sita naizuia isimguse mtu. Haijui kwenda."

Tulikaa hivyo. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani.

"Sogea mbele," akasema.

Nikasogea, mpaka shavu langu likagusa ngumi yake.